Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wenye maduka, Moshi

Ndugu wanachama, salaam. Ya kawaida mnayajua, vikao vinne tumekaa, misiba miwili Kibosho na Mwika tumeenda, viti na turubai vimenunuliwa. Mahesabu: tuko 58, ada ilitakiwa iingie 1,392,000, imeingia 816,000, imetumika 640,000, imebaki 176,000. Maana yake watu 24 hawajatoa hata mia na inaniuma sana kwasababu msiba ukitokea ni hao hao wanauliza chama kiko wapi.

Sasa la jeli. Kikao kilichoamua tusiuze vile vikombe vidogo vya jeli mlikuja 19 tu, alafu naambiwa mwenyekiti kaamua peke yake. Hapana jamani. Mimi nilimshika mtoto wa jirani kapaliwa na jeli hiyo mbele ya kaunta yangu, macho yametoka, sauti hana, nikamlaza gotini nikampiga mgongoni mpaka ikatoka, na bila yale mafunzo ya huduma ya kwanza niliyojilipia sijui ingekuwaje. Mtoto anakibinya kikombe huku anavuta kwa pumzi, jeli inateleza nzima nzima mpaka kooni, na ile ya unga wa konjaki, yaani kiazi cha kule Asia, haiyeyuki mdomoni kama ya jelatini, inakaa kama kizibo.

Kuna aliyesema jeli anazouza yeye hazina konjaki. Ulaya walianza hivyo hivyo, 2002 wakazuia konjaki kwenye peremende za jeli, viwanda vikahamia gundi za mwani na nyingine, 2004 ikabidi wazuie na hivyo vikombe vidogo vya gundi hizo, maana shida ni umbo, ukubwa na ule ulaji wa kufyonza. Japani 2008 mtoto hajafika hata miaka miwili alikufa kwa jeli ya konjaki. Na aliyetaka tubandike onyo, wateja wenyewe wana miaka minne, nani atasoma?

Najua hasara ipo, mimi mwenyewe nimetoa maboksi matatu dukani na sijadai chama hata shilingi. Barua ya kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kuhusu hivi vikombe, maana tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, nimeiandika kwa mkono wangu, bado sahihi zenu.

Mwakani Mungu akijalia tutafute mtu wa kutufundisha wote huduma ya kwanza, hela ikiruhusu. Barua iko dukani kwangu, mje msaini, na ada mje nayo.