Risala ya walimu wa darasa la awali kwa mgeni rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, wazazi na walezi, wageni waalikwa: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuwaaga watoto wetu wanaoingia darasa la kwanza. Mbele yako tuna jambo moja: mtoto asiyegawa chake si lazima awe mchoyo.

Saa ya uji, mpe mtoto wa miaka minne vipande sita vya muhogo agawane na mwenzake. Ukimwuliza agawe vipi, atajibu upesi, "Sawa kwa sawa." Kisha atabaki na vinne, mwenzake apate viwili. Nyumbani angekemewa. Sisi hutazama vidole vyake. Anayeimba "moja, mbili, tatu" bila kugusa kitu bado hajui tatu ni ngapi, sasa atagawaje sawa? Watafiti nao wameona kuwa watoto wadogo huijua haki kabla ya kuweza kuitenda, na wanaohesabu vizuri hugawa kwa usawa zaidi.

Kuhesabu peke yake hakutoshi. Lazima atambue kwamba mwenzake naye anawaza na kutamani, na utambuzi huo hukua kwa hadithi, maigizo na mazungumzo. Kazi ya pamoja pia husaidia sana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto wa miaka mitatu waliovuta kamba pamoja ili kupata zawadi waligawana sawa zaidi kuliko waliozikuta tayari.

Tena hapa jirani kuna la kujivunia. Utafiti wa mwaka 2015 katika nchi saba ulionyesha kwamba watoto wa kote hukataa kupunjwa, lakini waliokataa hata kupendelewa walipatikana katika nchi tatu tu: Marekani, Kanada na Uganda.

Mheshimiwa, vizibo vya soda tunavyohesabia tumeviokota wenyewe, na vitabu vya hadithi vimechanika. Tunaomba utusaidie kupata vitabu, mikeka na vifaa vya kuhesabia vinavyotosha kila kikundi.

Nanyi wazazi, mpeni mtoto kazi ya kugawa sahani na maandazi mezani, ahesabu kwa sauti. Akikosea, ahesabu tena pamoja nanyi, na jina la mchoyo asiitwe.

Tunaomba kuwasilisha.