Las Casas: watoto waonyeshwe nguzo, si machweo peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala za safari zinazoitaja Las Casas Filipinas de Acuzar, hoteli ya nyumba za kale huko Ufilipino, huishia kwenye picha za machweo na bei za vyumba. Familia inayokwenda kutwa na kurudi haiambiwi jambo lenyewe: nyumba nyingi za pale zilisimama kwingine, zikabomolewa kipande kwa kipande, zikajengwa upya Bagac, ufukweni mwa mkoa wa Bataan, Ufilipino. Mwenye hoteli, Jose Acuzar, alianza kuzikusanya mwaka 2003, na wageni wakafunguliwa milango 2010.

Kutoka Manila ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, foleni ikiwa nyepesi, hivyo ondokeni alfajiri. Kati ya Juni na Oktoba pepo za kusini-magharibi huishushia pwani ile mvua kubwa, na matembezi mengi ni ya nje. Njia ni za mawe: kigari cha mtoto hukwama, afadhali mtoto mchanga abebwe kwa khanga. Mnapoweka nafasi, ulizeni ni nyumba zipi mtaruhusiwa kuingia. Chukueni mwongozaji, bila yeye mtaona kuta tu.

Anzeni chini. Aliyezoea nyumba za Lamu au Mji Mkongwe atauona ukuta wa mawe na kudhani ndio uliobeba ghorofa, kama kwetu ukuta wa matumbawe unavyobeba boriti. Sivyo. Katika bahay na bato, yaani “nyumba ya mawe” ya kale ya Kifilipino, ghorofa na paa hubebwa na nguzo za mbao ngumu zinazopanda tangu ardhini. Mawe ya chini huzizingira tu. Nchi ile ina matetemeko mengi, na mbao huyumba na kurudi pale ambapo mawe hupasuka. Mtoto azitafute nguzo hizo chini, kisha azifuate mpaka juu.

Huko juu, simameni madirishani. Badala ya vioo kuna vipande vya mraba vya gamba la chaza aitwaye capiz, vimepangwa kwenye fremu ya mbao inayosukumwa pembeni. Mwanga hupita, ukali wa jua hubaki nje. Chini ya kizingiti kuna vidirisha vyenye vijiti, vya kupitisha hewa hata dirisha kubwa likifungwa. Watoto huviona kabla ya wazazi, maana ndicho kimo chao.

Kwa kila nyumba, ulizeni ilitoka wapi. Casa Bizantina ilijengwa 1890 Binondo, Manila. Casa Quiapo, ya 1867, kutoka mtaa wa Quiapo, Manila, iliwahi kuwa shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Ufilipino. Watetezi wa majengo ya kale hulalamika kwamba kuyahamisha ni kuupokonya mtaa historia yake. Wengine husema yangeozea yalipokuwa. Mimi niko na watetezi: shule ya katikati ya jiji haieleweki ikiwa imeketi kando ya bahari. Mkipata siku ya pili Manila, nendeni Quiapo kwenyewe. Bahay Nakpil-Bautista, ya 1914, ingali pale pale ilipojengwa, na sasa ni makumbusho.

Msomaji wako,
Mombasa