Linazunguka tu, haliwaki

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, mgonjwa ni gari peke yake. Najua miezi imepita sijakuandikia, na najua utasema nakukumbuka nikiwa na shida. Sema, lakini soma kwanza.

Gari limeanza vituko. Asubuhi linawaka mara moja, kwa adabu zote. Nikiliendesha nusu saa, nikalizima, nikirudi baada ya dakika tano stata inazungusha, inazungusha, injini haishiki. Nikikaa dakika arobaini nimenuna, linawaka kama si lenyewe. Juzi limenifanyia hivyo mama mkwe akiwa ndani, mkoba mapajani, amenyamaza ule unyamavu wake unaoujua. Shemeji akashuka kusukuma. Gari la gia otomatiki unalisukuma liwake vipi? Nikamwacha, ana nguvu zake.

Na kila mtu ana jibu. Eti betri. Betri gani, na stata inazungusha kwa kasi ile ile? Nimeipima: gari likiwa limelala ni volti 12.6, na wakati wa kupiga stata haishuki chini ya 10. Fundi wa kwanza akabadili plagi. Wa pili akabadili pampu ya mafuta, nikalipa, tukashikana mikono, kesho yake likagoma. Nilikuwa nimemwambia kwamba nikifungua swichi naisikia pampu inavuma kule nyuma sekunde mbili hivi halafu inanyamaza, na ndivyo inavyotakiwa. Hakunisikiliza. Kubahatisha kwa pesa ya mwenye gari ni kutamu.

Basi Jumamosi nikangoja ligome, nikafungua boneti mwenyewe. Nikachomoa plagi moja: kavu, hata harufu ya petroli haina. Ingekuwa imekosekana cheche peke yake, plagi ingetoka imelowa. Nikairudisha kwenye koili yake, ile inayoipa umeme wa cheche, nikaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu, kijana akapiga stata. Cheche hakuna. Hapo nikakaa chini kabisa, kwenye vumbi. Mafuta hayaji, moto hauji. Vitu viwili viugue pamoja, halafu vipone pamoja baada ya dakika arobaini? Haiwezekani. Kuna mmoja anayevifungia vyote.

Nikakumbuka sensa ya krenki, yaani ya ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Kompyuta ya injini inangoja sensa hiyo iiambie kwamba krenki inazunguka. Isipoambiwa, injekta haifungui kunyunyiza petroli na koili haipigi cheche. Nikamwambia kijana azungushe tena, macho yangu kwenye mshale wa RPM, ule wa kasi ya injini. Umelala kwenye sifuri, hautikisiki. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mshale huo huo huinuka kidogo stata ikizungusha, kabla hata injini haijashika. (Najua utanibishia kwamba kuna magari ambayo mshale haunyanyuki wakati wa stata hata sensa ikiwa nzima. Ndiyo maana nimelinganisha na asubuhi.)

Sasa sikia. Nikalowesha kitambaa maji ya baridi, nikaingiza mkono kule chini karibu na puli, nikaifunika sensa dakika kama kumi. Nikapiga stata: likawaka hapo hapo. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na mswaki mdomoni.

Ila sitaki kununua sensa kwa kukisia, nitakuwa sina tofauti na wale wawili. Waya wake unapita karibu sana na bomba la moshi, huenda ni waya unaochemka na kukatika ndani, au soketi imelegea. Taa ya injini haijawahi kuwaka kwenye dashibodi, lakini huenda kodi ya hitilafu, ile namba ya kosa, imehifadhiwa ndani ya kompyuta. Nikiona P0335, namba ya kosa la sensa ya krenki, nitalala usingizi, ingawa hiyo nayo inataja saketi nzima, haitaji sensa peke yake. Kwa hiyo bado nitahitaji mita ya umeme nipime waya na sensa. Umeshajua naelekea wapi.

Nilitaka kukusimulia na habari za Mama Mkubwa na ule ukuta, lakini… tukionana.

Kile kisoma kodi bado unacho, au kimeishia kwa Kipara? Na mita je? Lile gari lako la kijani lililokulaza njiani, halikuwa na ugonjwa huu huu? Ulipima waya kwanza au ulibadili sensa moja kwa moja? Uliipima sensa ikiwa ya moto na ikiwa baridi, ukaona tofauti? Goti lako linaendeleaje? Alhamisi upo nikupitie, au ndiyo zile siku zako za kupotea?

Nijibu upesi. Ijumaa ni siku ya kumrudisha mama mkwe, naye amesema hapandi mpaka alisikie likiwaka mara tatu, la moto.

Wako yule yule,
Mzee wa Kitambaa