Mwenye uraibu asiambiwe tu “omba zaidi”

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na viongozi wa makanisa na wale wanaoendesha vikundi vya maombi. Mtu anayejinasua kwenye pombe au dawa za kulevya akija kwao, jibu huwa jepesi: omba zaidi, funga, kesha. Namna ya kuomba hafundishwi. Akirudia kunywa anaambiwa imani yake ni haba, basi anaondoka na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kwanza mwili, maana hata Biblia imeanzia hapo. Eliya alipokata tamaa akaomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye sana, huko Horebu. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege, na hali hiyo huua. Huyo apelekwe hospitali. Kumfungisha siku 3, au kumwambia atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani, ni kucheza na uhai wa mtu.

Akishatulia, kosa linalofuata ni kumpangia saa nzima ya sala. Jumatatu anaimaliza, Jumatano anasinzia katikati, Ijumaa anairuka, na Jumamosi aibu ya kuiruka inamrudisha kulekule alikotoka. Dakika 15 zinatosha, saa ileile, mahali palepale, ameketi kwenye kiti wala si kitandani, simu ikiwa chumba kingine. Dakika 2 za mwanzo anyamaze tu, apumue polepole. Kisha asome zaburi moja fupi kwa sauti, mara 2, bila haraka. Dakika 5 au 6 aseme na Mungu kwa maneno yake mwenyewe, afunge kwa Baba Yetu, na muda uliosalia akae kimya. Muda ukiisha na bado ana hamu ya kuendelea, asimame hivyohivyo. Hamu hiyo ndiyo itakayomrudisha kesho.

Zaburi ya kuanzia ni ya 13. Ina aya 6 tu. Mwombaji analalamika kwanza, akiuliza “hata lini?” mara 4 ndani ya aya 2, halafu anataja anachotaka, mwisho anasema anamtumaini Mungu. Mpangilio huo mtu anaweza kuufuata kwa mambo yake: “Jana sikupata usingizi. Nimemdanganya mke wangu habari za pesa. Nishike mkono mpaka jioni, maana wewe hujanitupa.” Hiyo ni sala kamili. Wengi tumezoeshwa kuona kulalamika mbele za Mungu kuwa ni utovu wa adabu, ilhali Zaburi ya 88 inaishia gizani na hakuna aliyeifuta.

Wenye nia njema nao hukosea kwa kuitaja pombe mara 20 katika sala moja. Mtu wa namna hiyo akisema amina, chupa ndiyo iliyobaki kichwani. Itajwe mara moja, ikabidhiwe, kisha aombee wengine: mtoto mwenye mtihani, jirani mgonjwa.

Jioni achukue daftari aandike mistari 3: wema wa Mungu nimeuona wapi leo, kiu ilinijia saa ngapi, nilikuwa wapi na nani. Baada ya wiki 2 ataona mambo yanayojirudia. Pengine ni saa 11 jioni akitoka kazini na njaa, pengine ni siku ya mshahara. Saa hiyo ndiyo ya kuwekewa ulinzi. Ale kabla haijafika, abadili njia, na kiu ikipanda arudierudie sala fupi iliyozoeleka kwa Wakristo wa Kiorthodoksi, “Bwana Yesu Kristo, unihurumie”, nusu akivuta pumzi, nusu akiitoa. Mara nyingi kiu hupanda na kushuka ndani ya nusu saa. Isiposhuka, apige simu.

Wa kupigiwa awe mtu mmoja au wawili, wenye kifua cha kutunza siri. Yakobo 5:16 imeweka kuungama, kuombeana na kuponywa pamoja, na hatua ya 5 ya Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaojinasua kwenye pombe ulioanzia Marekani mwaka 1935, inataka vilevile mtu akiri kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa mtu mwingine. Mtu mwingine, si kanisa zima! Kumsimamisha madhabahuni atoe ushuhuda akiwa na wiki 3 tu ni kumfungia mdomo: akiteleza, atawezaje kusema baada ya makofi yale?

Na akiteleza, asisubiri “kujisafisha” ndipo aombe. Asali siku hiyohiyo, hata kwa sentensi moja, amwambie yule mwenzake, aandike saa na mahali kwenye daftari, na kesho yake aketi kwenye kiti kilekile kwa dakika zake 15.

Msomaji wenu