Mikeka ya mama zetu iandikwe majina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu: kabla mikeka ya mama zetu haijagawanywa, kuuzwa au kuliwa na panya, ipigwe picha, iandikwe imesukwa na nani, na wanaoijua waulizwe wangali hai.

Marehemu mama yangu alikuwa msusi wa Baleni, kisiwani Mafia. Alipofariki, minazi yake ilihesabiwa mmoja mmoja na kuandikwa, kwa sababu minazi ni mirathi. Mikeka haikuandikwa. Kila mtoto alijichukulia aliyoipenda, mingine ikaenda Tanga, mingine ikavuka hadi Muscat kwa dada yetu. Mimi sikuona sawa. Minazi ile alirithi kwa babu, lakini mikeka ilitoka mikononi mwake.

Tukamwomba mama mdogo atusaidie. Iliyobaki tuliitandaza barazani, na ya mbali tukamwonyesha kwenye simu. Alikuwa akipapasa ukili, utepe uliosukwa, kwa kidole gumba, kisha anasema: "Huu wa dada, tazama alivyoukaza. Huu alianza yeye akaumwa, akamalizia shangazi yenu, ndiyo maana upande huu umelegea." Akatueleza rangi pia. Nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, ikichemshwa pamoja na ukindu, majani ya mkindu yanayosukwa. Ya njano ilikuwa manjano haya haya ya jikoni. Baadaye zikaja rangi za unga za dukani, nyekundu na kijani kali, ambazo leo zimepauka. Nyeusi ya mdaa ipo vile vile.

Kuna mkeka mmoja wenye maandishi. Mwalimu Nyerere alipotaka watu wazima wa wilaya chache za mwanzo wawe wamejua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971, Mafia ilikuwamo. Mama, akiwa na kaka yetu mgongoni, akaenda kisomo. Baada ya hapo akasuka mkeka ulioandikwa NAJUA KUSOMA, herufi S ikiwa imegeuka kinyume.

Asiyewahi kusuka huenda asione ukubwa wa kazi hiyo. Mkeka hausukwi mzima mzima. Husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Herufi moja inapita katika mistari kadhaa ya ukili, kwa hiyo msusi anahesabu chane za rangi, yaani vipande vyembamba vya ukindu, katika kila mstari, akijua kichwani zitakutana wapi siku ya kushona. Akikosea chane chache, herufi inakatika. Mama alifanya hesabu hiyo miezi michache tu baada ya kushika kalamu kwa mara ya kwanza maishani. Mama mdogo anasema aliusuka ili mwalimu wake wa kisomo auone.

Sasa kila mkeka tumeupiga picha juu na chini, na nyuma yake tumeshona kitambaa chenye jina la mama, kijiji na mwaka kama unajulikana. Sauti ya mama mdogo tumeirekodi, na ndugu wote wanayo. Wapo wanaotushauri tuifungie mikeka sandukuni. Sikubaliani nao. Mkeka ukikaa gizani kwenye unyevu unaoza, na ukikunjwa badala ya kuviringishwa unakatika. Zaidi ya hayo, mkeka uliotandikwa ndio unaomfanya mtoto aulize nani kausuka. Ule wa maandishi peke yake ndio tumeupumzisha, umetundikwa ukutani kwa kaka, mbali na jua.

Katika maonesho ya Sabasaba niliwahi kukuta mkeka mzuri wa Mafia, umebandikwa bei na neno "asili". Nikamuuliza muuzaji umesukwa na nani, akanijibu, "Wanawake wa visiwani." Mchoraji anatia saini kwenye picha yake, na picha inauzwa na jina lake. Msusi amekosa nini?

Kwako Mhariri, naomba utenge kona ndogo kila wiki, wasomaji walete picha ya kazi moja ya mikono ya mama au bibi, pamoja na jina lake, kijiji chake na namna ilivyotengenezwa. Na kwa wakubwa wa Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert: msipokee mkeka bila maelezo ya msusi, na kama yupo hai, mrekodini. Mama mdogo bado anasuka, na amesema yuko tayari.

Nimeambatanisha picha ya mkeka wa maandishi. Ukiichapa, tafadhali jina la mama, nililoliandika nyuma ya picha, lichapwe chini yake kwa herufi kubwa. Langu si lazima.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam