Shukrani za familia kwa mliotufariji katika msiba wa baba yetu, mwigizaji na mwandishi wa vichekesho

Familia ya marehemu baba yetu inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani, marafiki na wasanii wote mlioshirikiana nasi tangu alipoanza kuugua hadi tulipompumzisha. Si rahisi kumfikia kila mmoja wenu kwa jina wala kwa simu. Tunaomba salamu hizi ziwafikie nyote, mliofika msibani na mliotuombea mkiwa mbali.

Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia. Walimvumilia mgonjwa aliyedai kalamu kila alipopata nafuu, na muuguzi mmoja alikuwa akimshikia daftari mkono wake ulipoishiwa nguvu. Daftari hilo tunalo. Mwandiko unapanda na kushuka, lakini mchezo aliokuwa akiuandika aliumaliza.

Baba alianzia jukwaani, akaenda redioni, kisha runingani. Wengi wenu mlimjua kwa sauti na kwa sura. Sisi nyumbani tulimjua zaidi kwa madaftari. Aliandika alfajiri kabla nyumba haijaamka, na jioni akamsomea mama. Mama asipocheka, baba alifuta. Mama akicheka mahali ambapo yeye hakupategemea, alitia alama ya penseli pembeni, kisha akakaa kutafuta sababu. Jina la mama halikuwahi kusomwa mwishoni mwa kipindi chochote, basi leo tunasema hadharani kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ni yake.

Alikuwa akitueleza kwamba mwigizaji akiwahi kidogo anayameza maneno ya mwenzake, na akichelewa kidogo hadhira imeshabashiri. Ndiyo maana kurasa zake zimejaa vistari vidogo: kimoja, vuta pumzi, viwili, subiri watu wamalize kucheka. Kwenye maandishi ya redio vistari hivyo aliviweka kwa uangalifu zaidi, maana msikilizaji hauoni uso, na ukimya ukizidi hudhani mitambo imeharibika.

Hakukubali kamwe kumchekesha mtu kwa ulemavu, umaskini au lafudhi ya mwingine. Waigizaji chipukizi waliosimama kutoa rambirambi walilirudia jambo hilo mmoja baada ya mwingine, nasi tulifarijika kusikia kwamba aliwafundisha yaleyale aliyotufundisha watoto wake. Aliyechekwa katika michezo yake ni mwenye nguvu anayejidanganya: tajiri bahili, mkubwa wa kazi anayependa sifa, baba anayetoa amri ambazo hakuna anayezisikia.

Alimpenda sana Charlie Chaplin, aliyekuwa akiandika, kuongoza na kuigiza filamu zake mwenyewe. Lakini aliyemtaja kila mara ni Molière, mwandishi na mwigizaji wa michezo ya kuchekesha wa Ufaransa. Februari 1673, akiwa mgonjwa kweli, Molière alipanda jukwaani Paris kuigiza mtu anayejidhania mgonjwa. Alizidiwa katikati ya onyesho, akajikaza hadi mwisho, akafariki nyumbani kwake usiku uleule. Kanisa la huko wakati ule liliwanyima waigizaji mazishi ya heshima kama hawakuikana kazi yao. Ilibidi mjane wake aende kumsihi Mfalme Louis XIV, ndipo ikapatikana ruhusa ya kumzika, tena usiku na bila ibada kubwa.

Baba alikuwa mcheshi hata mezani, ila kisa hiki alikisimulia kwa uso mkavu. Tunaamini kilimgusa kwa sababu naye aliishi miaka mingi akiulizwa kazi yake hasa ni ipi. Aliulizwa na ndugu, na wenye nyumba, hata na walimu wetu. Alijibu kwa upole, kisha akarudi kwenye daftari lake.

Ndugu zetu, swali hilo ninyi mmelijibu. Baba alizikwa mchana kweupe, mbele ya umati. Viongozi wa dini walikuja, wakasema bila kusita kwamba kumpa nafuu mtu aliyechoka ni kazi ya heshima. Wasanii wenzake ndio waliobeba jeneza. Watu tusiowafahamu walimwendea mama kumweleza ni kipindi gani kilichowavusha walipofiwa, walipokosa kazi, walipolala hospitalini. Mama aliyasikia yote hayo kwa masikio yake. Kwa hilo hatuna cha kuwalipa, Mwenyezi Mungu awalipe.

Tunawashukuru pia watangazaji na waandishi wa habari waliomkumbuka kwa staha, mafundi mitambo waliotutafutia sauti zake za zamani, na majirani waliowalaza wageni wetu bila kuhesabu siku.

Tunakusanya kazi zake ili zihifadhiwe pamoja. Michezo mingi ya redio ilirushwa moja kwa moja na haikurekodiwa, hivyo mwenye kanda, picha au nakala ya maandishi yake tunamwomba awasiliane na mwanafamilia yeyote anayemfahamu. Tutanakili na kumrudishia mali yake. Aidha, familia haijamtuma mtu yeyote kukusanya michango kwa jina la marehemu. Akitokea wa kuwaomba fedha, tafadhali msimpe.

Ni sisi, mjane, watoto na wajukuu.