Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Ziwa: usituchoree mstari mmoja wa msimu mzima

Mheshimiwa Msimamizi,

Salaam. Nimeisoma mara tatu rasimu ya kanuni mpya za ziwa, ile inayotaka mashua zetu zitengwe na watu wengine katika eneo moja la kudumu msimu mzima. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya usalama katika klabu ya mashua zinazoteleza juu ya barafu, kwa hiyo lawama nyingi zilizomo zinanigusa. Moja nitaikubali kabla sijabisha lolote.

Msimu uliopita mashua ya mwenzetu iliondoka yenyewe. Alishuka kukaza kamba za viatu, akaiacha tanga likiwa juu na breki ya kuegeshea haijashushwa. Upepo uligeuka kidogo tu, tanga likajaa, na chombo kisicho na mtu kikaanza kuteleza, mwanzo polepole, kisha kikatuacha tukikimbia nyuma yake na viatu vyetu vya njumu kama watu wanaofukuza kuku. Kilipita kama hatua kumi kutoka kwenye kibanda cha mzee mmoja anayevua samaki, kikaenda kupinduka kwenye theluji. Mzee alitoka, akatutazama, akarudi ndani bila kusema neno. Afadhali angetutukana.

Tangu siku hiyo hakuna anayeiacha mashua yake kabla ya kuielekeza omo, yaani pua yake, kwenye upepo, kulegeza kamba ya tanga na kushusha breki. Akienda mbali, tanga zima linateremshwa. Ukikiuka, huitoi tena mashua siku hiyo, hata uwe mwanachama mkongwe.

Sasa niseme kwa nini hofu yako ina msingi. Wengi hudhani mashua hii husukumwa na upepo kama jani. Sivyo. Inasimama juu ya visu vitatu vya chuma, msuguano hauna nguvu ya kuizuia, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyojitengenezea upepo zaidi wa kulijaza tanga lake. Ndiyo maana huweza kwenda mara tatu au nne ya kasi ya upepo wenyewe. Aina ya DN, iliyozaliwa mwaka 1937 katika karakana ya gazeti la Detroit News huko Marekani, ina urefu wa mita 3.7 tu na tanga lisilofika mita 6 za mraba, lakini hupita kilomita 80 kwa saa bila taabu. Na haina breki ya kusimamia ukiwa mbioni. Unasimama kwa kuigeuzia upepo. Kwa kasi hiyo mita 100 zinaisha kabla ya sekunde tano. Mtoto anayejifunza kuteleza hawezi kusoma hatari kwa sekunde tano. Kwa hiyo kwamba tutengane, hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni kile kifungu cha eneo la kudumu: vigingi vipandwe ziwa likiganda, ghuba iwe ya mashua peke yake, vising'olewe mpaka barafu iyeyuke. Mheshimiwa, barafu haisomi ramani. Panapoingia kijito ni nyembamba wakati wote, na kwenye magati yenye mashine za kupuliza mapovu ili maji yasigande unaweza kutumbukia hata katikati ya baridi kali. Halafu kuna lile tuta, pale mapande mawili ya barafu yanaposukumana. Jana umelivuka kwa miguu, leo baridi imebadilika, limefunguka na maji yako wazi. Hata unene wenyewe hudanganya. Sentimita 10 za barafu safi, ile nyeusi inayoonyesha maji chini, zinambeba mtu anayetembea, lakini barafu nyeupe iliyotokana na theluji ina karibu nusu ya nguvu hiyo. Tuta likifunguka ndani ya ghuba tuliyopewa, kanuni itakuwa inatupeleka mahali ambapo mimi nisingethubutu hata kutembea.

Na wavuvi je? Theluji ikilala nene, hatutoki. Upepo ukikosekana, hatutoki. Sehemu kubwa ya msimu mashua zetu zimefunikwa zikisubiri. Kuwafungia wavuvi ghuba msimu mzima kwa ajili ya watu wasiokuwepo ni kuwaonea, na hawakutuomba tuwaonee.

Ninachoomba ni mstari wa siku. Kila asubuhi tunayotaka kutoka, wawili wetu watangulie na mtaimbo na keekee, watoboe, wapime, wapande bendera za rangi ya chungwa kuzunguka njia ya siku hiyo, mbali na vibanda, na pasiwe na sehemu ya njia inayoelekea moja kwa moja penye watu. Kwenye kila mlango wa ziwa pawe na ubao: mashua ziko wapi leo, barafu imepimwa unene gani, tuta liko wapi. Pasipo ubao, hakuna mashua. Kabla ya giza bendera zote zing'olewe, zisije zikawa mtego kwa wenye pikipiki za theluji.

Wenyewe kwa wenyewe tuna sheria zetu: anayepata upepo kutoka kulia hupishwa na anayeupata kutoka kushoto, na mgeni hatoki peke yake kabla hajatuonyesha anajua kusimama. Lakini mtembea kwa miguu, mwenye viatu vya kuteleza na mvuvi hawatakiwi kuzijua sheria hizo. Sisi ndio tuwapishe, daima.

Kwa wavuvi nina ombi moja dogo: shimo kubwa lisiachwe bila tawi la kulionyesha. Kisu cha mbele kikizama humo, mashua inakwama na mwendeshaji anarushwa mbele peke yake.

Kuhusu uokoaji, kila anayetoka nasi anavaa helmeti, jaketi okozi na misumari ya kujiopolea shingoni. Aliyetumbukia ana kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inamtii, na labda saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Dakika hizo 10 ni zetu, gari lenu haliwezi kuziwahi. Ndiyo maana naomba askari wako wafanye mazoezi pamoja nasi kabla msimu haujaanza, wajue kamba zetu zinakaa wapi na sisi tujue wao watapitia mlango upi.

Kabla hujatia sahihi, njoo asubuhi moja tunapopima. Nitakupa mtaimbo mkononi ugonge mwenyewe, uisikie sauti ikibadilika unapokaribia kijito. Yule mzee wa kibanda nimemwalika pia. Amekubali, ila kwa sharti kwamba siku hiyo asione tanga lolote likiwa juu.

Wako,
Mhusika wa usalama, klabu ya mashua za barafu